Kijiko cha Kwanza cha Fundi Chapuchapu

Mvumilivu hula mbivu. Maana yake ni kwamba anayestahimili mambo bila papara ndiye hatimaye hufaidi matunda yake. Wengi hufunzwa hayo utotoni. Wengine huungoja ulimwengu uwafunze, mvi zikiwa tayari kichwani.

Fundi mmoja wa magari aliitwa Chapuchapu, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Injini aliifungua kabla mwenye gari hajamaliza kueleza ubovu. Hata chakula alikila wima, spana mkono huu, kijiko mkono ule. Mkewe alizoea kumtania, "Baba watoto, siku moja utameza na sahani."

Asubuhi moja kiharusi kilimwangusha akiwa ameinamia boneti. Hospitalini mkono ulirudiwa na nguvu upesi, ulimi ukabaki mzito kidogo. Lakini koo liligoma. Funda moja tu la maji lilimpalia hadi macho yakamtoka pima. Akawekewa mpira puani, uji ukawa unapitia humo.

Daktari wake, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamweleza juu ya tiba ya sumaku.

"Koo lako ni zima, baba. Sehemu ya ubongo inayoliamuru kumeza ndiyo imelala. Mashine hii huigutusha kwa sumaku kutoka nje ya kichwa, kisha wewe unafanya mazoezi ya kumeza. Wengine huwasaidia, wengine la. Na haitaki pupa."

"Kumbe ni kubusti betri!" fundi akasema kwa ulimi wake mzito. "Unabusti mara moja, gari linawaka."

"Gari hili, baba, ni la kusukuma."

Akakalishwa kitini, kifaa chenye umbo la namba nane kikawekwa juu ya sikio. Ta-ta-ta! Kikagonga kama kigong'ota mtini. Hakuumia, shavu tu lilichezacheza. Kila kilipotulia, daktari alimwamuru, "Meza mate. Kwa nguvu. Tena."

Akaruhusiwa kulala nyumbani, mpira ukiwa puani, akawa anarudi hospitalini kwa tiba. Siku zikapita, koo likabaki vilevile. Nyumbani mkewe alikula jikoni kwa kujificha asimtie uchungu, lakini mlio wa kijiko ulimfikia sebuleni ukamchoma kama msumari wa moto. Jioni moja subira ikamwishia. Mkewe alipotoka kuanua nguo, fundi alinyakua kikombe cha chai akakigugumia. Chai ikapita njia isiyo yake. Alirudishwa hospitalini hoi, homa ya mapafu imemshika, na tiba ikasimamishwa.

Alipopata fahamu alimkuta mkewe kando ya kitanda, macho mekundu.

"Ulitaka kuniacha mjane kwa ajili ya chai?"

Fundi akatokwa na machozi. "Nimechoka kukusikia ukila jikoni kama mwizi, mama."

"Basi nitakula mbele yako. Nawe utavumilia. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Homa iliposhuka, alianza upya, na safari hii hakuuliza atapona lini. Aliketi kwenye mashine kwa utulivu, na akirudi nyumbani aliketi mezani na mkewe. Mke akitia tonge, mume alimeza mate kama alivyofundishwa. Wakawa wanakula pamoja, mmoja chakula, mwenzake mazoezi. Wiki zikazaa miezi. Kikohozi cha kupaliwa na mate kikapungua, kidogo kidogo, hata wenyewe wasitambue kilianza lini kuondoka.

Siku ya kupimwa, daktari alichukua papai lililoiva, akaliponda laini, akampa fundi kijiko huku akitazama koo lake kwenye skrini.

"Inamisha kidevu. Taratibu."

Mkewe alijishika kifua. Fundi aliliweka papai ulimini, akafumba macho, akameza. Hakukohoa. Daktari akaondoa macho kwenye skrini, akatabasamu.

"Limepita njia yake."

"Tamu?" mkewe akauliza.

Fundi akainua kidole. "Ngojeni kwanza. Bado nalionja."

Hapo wote watatu wakacheka, kwa maana kweli mvumilivu hula mbivu.