Kigari cha Mcha na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na msinikodolee macho mkadhani nasema zamani ya wafalme na majini. Zamani yangu ni ya juzijuzi. Betri zilikwishakuwapo, sola zilikwishakuwapo, na kuku walikuwa na miguu miwili hivi hivi. Sogeeni basi. Anayetaka kupiga miayo akapigie nje.

Palikuwa na kijiji cha maweni kikiitwa Jiwekali. Huko ardhi yote ni jiwe, na jiwe lenyewe lina meno. Ukitoka asubuhi na kandambili mpya, jioni unarudi umezishika mkononi. Hapo aliishi Sihaba, mwanamke wa maneno machache, mwenye mimba ya miezi sita, pamoja na mumewe Mcha, mvunja mawe.

Mcha alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, lakini alikuwa na ugonjwa wake. Alitaka gari la rimoti. Si la mtoto, mtoto bado yumo tumboni. Lake mwenyewe! Utotoni alitengeneza magari ya vifuu na makopo akayavuta kwa kamba, na tangu siku hizo alitamani gari linalokwenda bila kuvutwa. Sihaba alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mume wangu, wenzio wanataka mke wa pili, wewe wataka kigari?"

"Basi nichagulie wewe," akasema Mcha. "Nilete kipi?"

Sihaba akaenda kumtafutia shati la kwendea mjini.

Mcha alifuatana na ndugu yake mdogo, Vuai, mwenye gari la ng'ombe. Vuai hajapata kushika rimoti yoyote, hata ya televisheni, lakini njia za maweni alizijua zote, maana ndizo zilizomvunjia magurudumu miaka ishirini.

Dukani, Mcha aliona gari jekundu, limelala chini, linang'aa. Mwenye duka akaapa kwamba hakuna linalolipita mbio. Mcha akalikumbatia kabisa! Vuai akamnyang'anya, akaligeuza, akalitazama tumbo.

"Tumbo li chini mno. Jiwe la kwanza tu, limekaa." Akarudisha.

Akachukua la pili, akabonyeza matairi. "Magumu haya, hayatashika." Akarudisha.

Akachukua la tatu. "Magurudumu yanavuta yote manne?"

"Mawili tu, ya nyuma," akasema mwenye duka.

Akarudisha. Mwenye duka alianza kukunja uso. Ndipo Vuai akaona juu ya kabati, kwenye vumbi, kitu cha rangi ya udongo, kirefu cha miguu, matairi manene laini, springi ndefu, na sura mbaya, Mungu anisamehe. Akakibonyeza mgongo, kikashuka. Akakiachia, kikapanda.

"Hiki kinakwenda mbio?"

"Hicho? Hicho kinatambaa tu."

"Kikivunjika?"

"Vyuma vyake ni vya kawaida. Fundi yeyote atakutilia."

Vuai akamkabidhi kaka yake. "Chukua hiki. Anayejifunza hataki mbio, anataka kinachomsamehe akikosea. Kawia ufike."

Mcha alinuna njia nzima. Na Jiwekali walicheka, wee! Wakakiita kobe. Watu wazima waliacha kazi zao waje kumtazama kobe wa Mcha.

Lakini kila alasiri Mcha alikipeleka mawe ya nyuma ya nyumba, akajifunza. Na kila alasiri alikaa naye jirani yake Machano, msokota kamba. Machano alikuwa kipofu tangu utotoni, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Kimepanda," husema Machano, mikono ikisokota. "Sasa kimekwama. Gurudumu la kushoto linazunguka hewani. Mcha, wewe una macho ya nini?"

Ukitazama, ni kweli. Gurudumu la kushoto liko hewani. Siku moja Mcha akachoka kutaniwa, akamtia rimoti mikononi. Machano akakipeleka kile kigari mpaka kisimani, juu ya mawe, chini ya mawe, akakirudisha mpaka kikagusa dole gumba la mguu wake. Waliokuwapo walisahau kucheka.

"Mnashangaa nini?" akasema. "Kikilia wembamba, kinateleza. Kikinguruma, kimeshika. Kinasema chenyewe, nyie hamsikilizi."

Sasa, mwanafunzi ni mwanafunzi. Mcha aliona keshakuwa bingwa, akakirusha kigari kutoka jiwe refu. Tak! Chuma kinachoshika gurudumu la mbele kikakatika. Akakipeleka kwa Mize, fundi cherehani, shoga yake Sihaba. Mize akapekua makopo yote ya vyuma, hakupata cha kutosha. Basi akafungua cherehani yake mwenyewe, akachomoa chuma ndani, akakipiga tupa, akakipinda, akakitia kwenye kigari. Kikakaa barabara.

Na hiyo ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Sikukuu! Vitambaa vya watu vimerundikana mpaka dirishani, na cherehani imekufa. Wateja wakaja na matusi, wakaondoka na vitambaa vyao.

"Shoga, umepata wazimu?" Sihaba alimuuliza.

"Ulimwona mumeo uso wake?" akasema Mize. "Mtu mzima machozi yanamlenga kwa kigari. Nilishindwa."

Haya. Mambo yakakaa hivyo kwa muda. Kisha asubuhi moja Mcha alifuata mkanda wa jiwe jeupe, laini la kuchonga, mpaka ndani kabisa ya pango. Akagonga, akagonga. Mdomo wa pango ukaporomoka nyuma yake.

Kijiji kizima kilikimbilia huko. Sihaba alifika na tumbo lake, kanga moja imeanguka njiani. Palibaki tundu ambalo paka angepita, mtoto asingepita. Kutoka ndani, mbali sana, sauti ya Mcha ikaja.

"Mguu wangu umebanwa na jiwe! Nipeni maji!"

Wanaume wakachimba. Mwenye kuyajua mawe kuliko wote akawasimamisha. "Taratibu. Tukiharakisha, dari yote itamwangukia. Hii ni kazi ya siku tatu, au nne."

Siku nne, bila tone la maji, katika vumbi la chokaa! Walimimina maji tunduni, yakanywewa na mawe. Wakasukuma mti mrefu, ukagonga kona, maana njia ilikata kushoto kisha ikapanda. Siku ya pili, adhuhuri, Sihaba aliita jina la mumewe mara saba. Mara ya saba ndiyo akajibiwa, na jibu lenyewe lilikuwa kikohozi. Hofu ikamshika. Akakaa chini, akasema maneno matatu tu.

"Kileteni kile kigari."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mize akaleta bunda zima la uzi wa nailoni, akaufunga nyuma ya kigari. Uzi ukifika, Mcha atavuta kamba. Kamba ikifika, atavuta mpira mwembamba wa maji. Lakini nani ataendesha? Vijana wenye macho walijaribu kwa zamu. Kigari kikiingia hatua mbili, giza, hawakioni, wanakirudisha kwa kuuvuta uzi.

"Ondokeni," akasema Machano. "Humo ndani sote ni vipofu, lakini mimi nimezoea."

Akalala kifudifudi juu ya mawe, akaupitisha mkono na rimoti ndani ya tundu mpaka bega. Sihaba akaketi karibu yake, uzi ukipita baina ya vidole vyake.

"Nyamazeni," akasema Machano. Na Jiwekali ikanyamaza. Watu mia na zaidi, hata kikohozi hukisikii.

Kigari kikaingia. Sihaba aliusikia mngurumo wake ukishuka, ukishuka, na uzi ukimtoka vidoleni polepole. Akahesabu pima. Tano. Tisa. Kumi na mbili. Uzi ukasimama.

"Jiwe," akanong'ona Machano. "Kimeliparamia." Kigari kikalia wembamba. Kikarudi nyuma kidogo, kikalia tena. Vuai alikuwa ameinama na kushika magoti yake, anasema, "Tumbo lipite, ewe Mola, tumbo tu lipite." Mngurumo ukawa mzito. Uzi ukaanza kutembea.

"Limepita!"

"Nyamaza, Vuai!"

Pima ya kumi na tano. Tak! Kitu kimepiga jiwe huko ndani, kwa nguvu. Mize akauma kanga yake, maana alijua gurudumu la mbele ndilo lililopigwa, na chuma ni chake. Wote wakangoja. Mngurumo ukaja tena, mdogo, wa mbali mno, Sihaba hakujua kama anausikia au anauwaza. Pima ishirini. Ishirini na mbili.

Kisha kimya. Machano akabonyeza, akabonyeza. "Sikisikii tena," akasema.

Uzi ulikuwa umelala mkononi mwa Sihaba, mwepesi, hauna uzito wowote. Akautazama. Alitaka kuomba dua, akasahau maneno yote aliyofundishwa. Na hapo, jamani, uzi ukavutwa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Sihaba hakupiga kelele. Aliuinua mkono wake juu, watu wote wauone uzi ulivyokuwa ukivutwa tena na tena kutoka ndani ya mwamba. Mamia ya macho yakautazama uzi mwembamba ule. "Subhana Allah," akasema mmoja, wakafuata wote, kwa sauti za chini, kama watu walio msikitini. Wapo waliolia ambao hata mazikoni hawajaonekana kulia.

Mcha akavuta uzi, ukaleta kamba. Akavuta kamba, ikaleta mpira. Alikunywa maji ya mpira siku mbili, akatolewa siku ya nne, mguu umevunjika, kigari kimelala kifuani mwake.

"Nilisikia kitu kinanguruma gizani kinakuja," alisimulia. "Nikasema huyu jini. Nikasoma kila nilichojua. Kikaja mpaka mkononi mwangu, nikapapasa, nikakuta tairi laini. Nikakijua. Nikalia kuliko nilivyolia siku nilipozaliwa."

Siku kumi na mbili baadaye Sihaba akajifungua mtoto wa kike. Na Jiwekali walikuwa na desturi yao. Baba wa mtoto akiokolewa katika kifo, mzazi hachagui jina. Aliyerudisha roho ya baba ndiye atakayelitoa, mtu mmoja, jina moja, siku ya saba. Siku ya saba ilipofika, mbuzi amechinjwa, mwalimu wa Kurani ameshika wembe wa kunyolea nywele, akauliza, "Jina la mtoto?" Wakasimama watatu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Vuai akasema, "Jina ni langu. Mngemwachia kaka yangu alete lile jekundu, lingekwama jiwe la kwanza. Machano angeendesha nini? Mize angetengeneza nini? Mimi nilichagua kile ambacho kila mtu alikicheka. Namtaka mtoto aitwe Kazija, jina la mama yetu, aliyekufa kabla hajaona mjukuu."

Mize akasema, "Jina ni langu. Ulichagua vizuri, Vuai, lakini ulichochagua kilivunjika. Kilipopiga jiwe mle pangoni, chuma kilichohimili si cha dukani, ni cha cherehani yangu. Nyie mlitoa maarifa. Mimi nilitoa riziki yangu, na mpaka leo mashine haijashona. Mtoto aitwe Mize. Mimi sikujaaliwa kuzaa. Nikifa, jina langu nani atalibeba?"

Machano akasema, "Jina ni langu. Kigari kilikuwapo, kizima, chuma ndani, na wenye macho walikishika wakashindwa. Mngekiweka pale mdomoni mwa pango mpaka Mcha akauke. Mtoto aitwe Siti. Siti ni dada yangu, aliyenishika mkono akanitembeza mpaka siku aliyokufa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza."

"Wewe ulibonyeza tu!" akasema Vuai.

"Na wewe ulinunua kwa pesa za mwenzio!" akasema Machano.

"Nyamazeni nyote wawili," akasema Mize. "Nyie mmepoteza nini?"

Wakageuka kwa Mcha. Mcha, mguu wake umefungwa mbao, akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa gizani. Nilichokiona ni tairi. Mke wangu, uzi ulipita mkononi mwako. Sema wewe."

Sihaba akamtazama shemegi yake, ambaye kila Ijumaa humletea kuni bila kuombwa. Akamtazama shoga yake, aliyemshika mkono siku ya uchungu. Akamtazama Machano, ambaye peke yake hakumtazama, bali alimtegea sikio. Alijua kwamba kila mmoja amesema kweli, na kwamba akishataja jina moja, wawili watarudi majumbani kwao na donge ambalo pilau ya mbuzi yule haitaliteremsha. Mtoto alikuwa analia mapajani mwake. Mwalimu akauliza mara ya pili. Sihaba akafungua mdomo.

Nami naufunga wangu hapa. Mmekunywa kahawa yangu, mmemaliza kashata, hamtoki bure. Jibuni, na msijibu kwa pamoja: aliyechagua, aliyejinyima, na aliyesikia, je, nani alistahili kumpa mtoto jina?