Gari la Zimamoto Langoni kwa Meya

Hakuna aipendaye shari. Hata hivyo, yapo mambo ambayo yakishamfika mtu, haulizwi tena kama ataumia. Anaulizwa yuko tayari kuumia kiasi gani. Mwenye busara hukubali maumivu madogo akanusurika na makubwa. Mkaidi huyakataa yote mawili, na mara nyingi huondoka nayo yote mawili. Meya wa mji fulani alikuwa na busara ya kutosha, ila siku aliyoihitaji zaidi aliiacha nyumbani.

Mambo yalianza kwa harusi. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, wageni walijaa hadi uani, na mabomba ya mji yalikuwa makavu tangu mwanzo wa wiki. Mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa aliwafundisha nusu ya wakazi wake kusoma, alilalamika kwamba hata maji ya kuoshea vyombo hayapo. Palepale, mbele yake, Meya akachukua simu na kumpigia dereva wa zimamoto, kijana aliyebandikwa jina la King'ora kwa ukubwa wa sauti yake.

"Leta gari hapa lijaze matangi yangu."

"Mheshimiwa, gari ni hili moja tu. Je, moto ukitokea?"

"Utokee wapi? Mji mzima uko harusini kwangu!"

Meya alicheka. Mwalimu, tuseme kweli, alicheka pia.

Moto ulitokea. Wakati gari jekundu likimwaga maji yake kwenye matangi ya Meya, kaa la pasi liliangukia vitambaa katika vibanda vya mafundi cherehani. Gari lilifika kwa makelele mengi na tangi tupu. Vibanda viliteketea vyote. Fundi mmoja mzee alijitosa ndani kuokoa cherehani yake. Alitoka hai, lakini mikono yake haikushika sindano tena. Kesho yake kila simu mjini ilikuwa na picha ya gari la zimamoto langoni kwa Meya, utepe wa harusi umenasa kwenye kioo cha pembeni.

Mji ulichafuka. Kwa vinyozi, sokoni, kwenye foleni za benki, neno lilikuwa moja: ajiuzulu. Baraza la mji likaitisha kikao cha uchunguzi, na ikatangazwa kwamba kila atakayesema ataapa kwanza, na atakayeapa uongo atajibu mahakamani.

Asubuhi ya kikao, sebule ya Meya ilikuwa na ukimya wa nyumba yenye mgonjwa mahututi. Mshauri wake, ambaye watu walimwita Sukari na si kwa kumsifu, alikuwa akizungukazunguka juu ya zulia.

"Mheshimiwa, hili ni jambo dogo. Funika kombe mwanaharamu apite. Simu ulimpigia, ndiyo, lakini ulimpigia kumwalika harusini. Gari alilileta mwenyewe, akitafuta bakshishi ya wageni. Nani atabisha? Mlikuwa wawili tu."

"Tulikuwa watatu," Mwalimu akasema akiwa amesimama mlangoni.

Sukari alitabasamu. "Mama, wewe na Mheshimiwa ni kitu kimoja. Nyinyi tunawahesabu kama mtu mmoja."

Mwalimu hakumjali. Alimwendea mumewe, akamshika bega.

"Jiuzulu, mzee wangu. Nenda useme, mimi ndiye niliyemwita, nimekosa, kiti chenu hiki hapa. Watakuzomea, kisha watachoka. Leo wanataka kiti chako tu. Ukiwadanganya, watakutaka wewe mwenyewe."

"Zahanati nimeijenga mimi!" Sauti ya Meya ilipanda. "Barabara ya shule nimeitia lami mimi. Niyaache yote hayo kwa sababu ya tangi moja la maji? Na anayekinyemelea kiti hiki unamjua vizuri. Ataula mji huu na mifupa yake."

Mwalimu alijua kwamba hapo hakusema uongo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mumewe hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mzuri aliyekalia kiti muda mrefu hadi akadhani ni sehemu ya mwili wake.

"Na King'ora?" akamuuliza.

"Atapata kazi nyingine."

"Atapata jela! Watu wameunguliwa, baba. Lazima mtu abebe lawama."

Meya alikaza tai yake. "Tunachelewa," akasema.

Ukumbi wa baraza ulifurika hadi watu wakakaa madirishani. Mafundi walikaa mbele, na yule mzee alikuwa katikati yao, mikono yake imefungwa bandeji, akinyweshwa maji na mwenzake. Meya aliapa kwa sauti isiyotikisika, kisha akasema kama alivyofundishwa na Sukari: mwaliko, bakshishi, dereva mwenye tamaa. Alisema vizuri hata baadhi ya watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Mwalimu alimsikiliza kutoka kwenye viti vya wageni.

Akaitwa King'ora. Sauti iliyompa jina haikufika hata safu ya pili.

"Aliniambia nijaze matangi. Nilimuuliza kuhusu moto, akacheka."

"Una shahidi?" akauliza naibu meya, aliyekuwa akiongoza kikao.

King'ora aliinua macho, yakakutana na ya Mwalimu. Siku ile kwenye simu alisikia vicheko viwili, na cha pili alikijua tangu akiwa darasa la kwanza.  Moyoni Mwalimu aliomba kijana amtaje, na papo hapo aliomba asimtaje. King'ora akainamisha kichwa.

"Sina shahidi, Mheshimiwa."

"Basi dereva akabidhiwe kwa polisi," akasema naibu, na askari wawili wakasogea.

Mwalimu alimgeukia mumewe. Alimsubiri. Hata sasa angeweza kunyanyuka, aseme neno moja tu. Meya alikuwa akifuta miwani yake kwa makini, kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani. Ndipo Mwalimu aliposimama.

"Shahidi yupo. Nilikuwa naye chumba kimoja. Nililisikia swali la moto na nikalisikia jibu lake, na nikacheka. Maji yale nimeyanawa mimi na wageni wangu huku vibanda vya watu vinaungua. Mwacheni huyo kijana."

Ukumbi ulilipuka kwa makelele. Kiti cha Sukari kilikuwa tayari kitupu. Watu wa aina yake hunusa mvua kabla ya wingu. Meya aliruka akasimama.

"Basi! Najiuzulu! Kuanzia sasa mimi si meya. Yaishe!"

"Ungejiuzulu kabla ya kuapa, yangeisha," naibu akamjibu, bila furaha wala hasira. "Sasa umeapa uongo, na umetaka asiye na hatia afungwe. Kiti tunakipokea. Mengine tunawaachia wenye sheria."

Askari wakamwacha King'ora, wakamshika Meya. Walipompitisha mbele ya mkewe, alisimama.

"Ungeninyamazia," akanong'ona. "Ungeninyamazia tu, mke wangu."

"Asubuhi nilikuomba kiti," Mwalimu akajibu, machozi yakimtiririka mbele ya mji mzima. "Ungenipa kiti, sasa hivi ningekuwa narudi nyumbani na wewe."

 Askari wakamvuta mkono, wakatoka naye, na kelele za kuzomea zikamsindikiza hadi kwenye gari la polisi. Alikataa kupoteza cheo tu, akapoteza cheo, jina na uhuru kwa siku moja. Heri nusu shari kuliko shari kamili.