Kwa Nini Raia Mpya wa Grauenburg Huapa Mkono Ukiwa Majini

Zamani sana, enyi mliotega masikio, mji wa Grauenburg haukuwa na mlango wa kuingilia uraia ila tumbo la mama. Waliozaliwa ndani ya ukuta ndio waliochagua wazee wa baraza, na ndio walioteka maji katika kisima cha uwanjani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walimpa, kauli hawakumpa. Akivunja sheria, alitolewa nje ya lango, asirudi tena.

Machteld, mjane mshona ndoo za ngozi, alikuwa mgeni wa namna hiyo. Mume na watoto wake walizikwa mjini humo, na alichokihofu kuliko njaa ni kutengwa na makaburi yao. Basi maji yake aliyafuata mtoni, nje ya ukuta, asije akakigusa kisima.

Mchana mmoja wa kiangazi, moto ulizuka katika tanuri la mwokaji, ukashika mapaa. Kengele ikawaita raia. Wakaja mbio, lakini ndoo zao za mbao zilikuwa zimepasuka kwa ukavu; maji yakaishia njiani. Machteld alisimama mlangoni pake, maana alijua kinachomngoja akikigusa kisima. Kisha akabeba ndoo zake zote, akaenda kisimani, akateka.

Wageni wenzake wakamfuata. Wakajipanga pamoja na raia, ndoo zikipita mkono hadi mkono, na Machteld akaona jambo ambalo hajapata kuliona: mji mzima umekuwa mwili mmoja. Alilia huku akipokeza. Lo! Hata msimulizi mwili humsisimka.

Moto ulipozimika, Diederik, mkuu wa baraza, akamwita, uso umejaa masizi.

"Mama, sheria unaijua?"

"Naijua, bwana. Nimekigusa kisima. Niacheni tu niyaage makaburi yangu."

Diederik akageuka kuitazama nyumba yake. "Nyumba yangu imesimama kwa maji uliyoteka wewe," akasema. "Hutoki. Apa, uwe mwenzetu."

Lakini kitabu cha kuapia kilikuwa kimeungua pamoja na kanisa. Machteld akatumbukiza mkono katika ndoo iliyokuwa miguuni pake, akaapa.

Na tangu siku hiyo, atakaye uraia wa Grauenburg huja na ndoo ya ngozi iliyojaa maji, akaapa mkono umo ndani. Kisha ndoo hutundikwa barazani. Kengele ikilia, kila mtu hutwaa iliyo karibu, na hakuna anayeuliza ni ya nani.