Tambara la Mama

Nani hapa anakumbuka harufu ya chokaa mbichi wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi? Inueni mikono, msione haya. Aa, mnacheka! Mlilala uani kwenye mikeka kwa sababu sebule haijakauka. Siku zile zilikuwa tamu, wapendwa.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja, wageni wa posa ya binti yake walikuwa njiani. Akarudi kwao kukarabati sebule ile aliyokulia. Siku ya kwanza akaamuru kuta zikwanguliwe, na matambara yote ya zamani yachomwe moto. Mama yake mzazi akamhamishia chumba cha nyuma, asipigwe na vumbi.

Akamwita fundi rangi. "Nataka maua ya bluu, kama mawingu lakini si mawingu. Ninayo kichwani tangu utotoni."

Fundi akagongagonga sponji ukutani. "Siyo." Akaburuta brashi kavu. "Siyo, bwana!" Akaviringisha kitambaa. "Umekaribia, lakini siyo."

Siku ya nne wakasogeza kabati, na nyuma yake palikuwa na kipande cha ukuta kilichosahauliwa na wakwanguaji, bado kina maua ya bluu. Yule bwana akapiga kelele, "Ndiyo haya!" Machozi yakamlengalenga.

"Kazi ya nani?" fundi akauliza.

"Ya mama."

"Hee! Na mama si yuko hapo nyuma? Siku nne zote hukumuuliza?"

Wakamwendea. Mama akacheka. "Chokaa na bluu ya kufulia, baba. Tambara lenyewe lilikuwa mbeleko yako. Ulipoanza kutembea, nikawa naisokota na kuiviringisha ukutani kila Krismasi."

"Iko wapi, mama?"

"Kwenye lile gunia la matambara ulilochoma Jumamosi. Nilikuita dirishani. Ukaniambia, 'Mama, wewe pumzika.'"

Wapendwa, si ndio sisi hao? Tunakwangua kwanza, halafu tunatafuta. Tunamwambia mzazi apumzike, kumbe tunamfunga mdomo! Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo. Mama yangu alikuwa na wimbo wake wa kusongea ugali. Ubeti wa pili umenipotea, na leo sina wa kumuuliza. Inaniuma.

Basi, mama wa yule bwana alivua kanga yake begani akamwambia mwanawe, "Haya, sokota hii."

Ninyi ambao mama zenu bado wana kanga begani, ibada ikiisha msibaki hapo nje kupiga soga. Nendeni nyumbani mkawaulize.