Mkaguzi wa Nyama na Damu ya Beberu

Msomee hadithi hii yeyote nyumbani kwako anayetupa kadi ya kliniki akishapata nafuu.

Mzee Mwakitalu alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni kwa miaka thelathini. Akishapasua ini la mbuzi na kulitazama, hakuna aliyembishia.

Siku moja yeye mwenyewe akakutwa na saratani ya ini. Daktari akampasua, akakitoa kipande chenye ugonjwa. Mzee alipozinduka akaomba kukiona. Akakichunguza kingo zote, akatabasamu.

"Mmekata pasafi. Nimepona. Hapa hamnioni tena."

Mwanaidi, binti aliyepima damu katika hospitali ile, akamsogelea.

"Shikamoo, mzee. Damu uliyotoa kabla ya upasuaji inanitia wasiwasi. Chembe nyeupe zinazokimbilia vita ni nyingi mno, na zile za doria ni chache. Watu wenye damu ya namna hiyo, ugonjwa huwarudia mara nyingi zaidi. Si hukumu, ni onyo. Njoo tukuangalie kila baada ya miezi mitatu."

"Marahaba, binti. Mimi nasoma ini zima, wewe unasoma tone. Nani anaona zaidi?"

"Nipe mbuzi watano nipime damu yao, nikuambie kama yupo mgonjwa. Nikikosea, usirudi."

Mzee alipopata nguvu, Mwanaidi akaenda machinjioni na darubini yake. Akawatoa damu mbuzi watano, akahesabu chembe bila haraka. Kisha akamnyooshea kidole beberu aliyenona kuliko wote.

"Huyu ni mgonjwa."

Wachinjaji wakaangua kicheko. "Huyu? Dada, huyu ndiye bwana harusi wetu!"

Beberu akachinjwa. Mzee akakagua ini: safi. Mapafu: safi.

"Rudi kwenye vichupa vyako, mwanangu."

Mwanaidi hakuondoka.

Mara mchinjaji aliyekuwa akikata paja akaruka nyuma. Ndani kabisa ya mnofu palikuwa na jipu, na usaha ulikuwa unachuruzika kwenye kisu chake.

Hakuna aliyecheka tena.

"Ini ni chumba kimoja, mzee," Mwanaidi akasema. "Damu hupita nyumba nzima."

Mzee akavua kofia. "Hiyo miezi mitatu inatimia lini?"

Akawa anakwenda. Safari ya tatu, picha ikaonyesha kidoa kipya kwenye ini, kidogo kama punje ya mtama. Kikaondolewa kabla hakijasambaa.

Huu ni mwaka wa saba tangu apasuliwe. Juzi, kwenye benchi la kliniki, mgonjwa mgeni alimuuliza, "Mzee, wewe unaumwa nini?"

Mzee Mwakitalu akatoa kifua mbele.

"Mimi siumwi. Nimekuja kulindwa. Na anayenilinda ni yule binti mwenye koti jeupe. Mtazame vizuri!"

Funzo: Kupona si ruhusa ya kuacha kujilinda, na ujuzi wako wa miaka mingi usikuzibe masikio pale mwenye ujuzi mwingine anapokuonya, hata kama ni binti mdogo.