Magoti ya Mama Eleni

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika ufalme mmoja wa Wakristo uliokuwa kandokando ya mto mkubwa, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Eleni. Hakuwa na cheo wala mali. Sifa yake ilikuwa moja tu: ndiye aliyemlea mfalme. Malkia alifariki siku ya kujifungua, na Eleni, aliyekuwa ndiyo kwanza amemzika mwanawe mchanga, akaitwa amnyonyeshe mtoto wa watu. Alimpa maziwa, na moyo ukafuata wenyewe.

Mtoto huyo, Silwano, alikua, akatawazwa, akashinda vita viwili. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumvimba, kama vinavyovimba vichwa vya wengi tunaowajua. Akiingia kanisani amechelewa, na alikuwa mtu wa kuchelewa kwelikweli, alikuta watu wameinama katika sala na hakuna anayemtazama. Jambo hilo likamkera. Akatoa amri kwamba mfalme aingiapo, hata iwe wakati gani wa ibada, kila mtu asimame. Asiyesimama atolewe mjini, asirudi tena.

Jumapili iliyofuata aliingia wakati padri ameinua mkate na kikombe, saa ambayo waumini wa nchi ile hupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso. Tarumbeta ikalia mlangoni. Watu wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja kwa aibu. Mama Eleni hakuinuka. Msidhani alikuwa jasiri. Aliogopa kama wenzake. Lakini alibaki palepale chini mpaka sala ikamalizika.

Kesho yake akaitwa barazani. Mzee Festo, waziri wa mfalme, mtu mwenye huruma, akamwahi mlangoni.

"Mama, mji mzima unajua magoti yako ni mabovu," akamnong'oneza. "Useme yalikukatalia. Neno hilo moja tu. Mfalme mwenyewe anatafuta sababu ya kukusamehe. Tangu jana hajatia kitu kinywani."

Na magoti yalikuwa mabovu kweli, hata kupanda ngazi za baraza alishikwa mkono. Hapo ndipo penye mtihani, wapendwa. Uongo aliopewa ulikuwa jirani kabisa na kweli, na hakuna ambaye angemlaumu. Akiukataa, hatamwona tena mwanawe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana nyumba angeweza kupata nyingine.

Akaingia. Silwano alikuwa ameketi katikati ya majemadari wake, uso umemshuka.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kumsihi, "ni magoti, sivyo?"

Ilikuwa rahisi mno kusema ndiyo.

"Magoti yananiuma, mwanangu, sikufichi. Lakini jana hayakuwa magoti. Ningetaka kusimama, ningeshika bega la jirani nikasimama."

Festo akafumba macho. Majemadari wakamtazama mfalme.

"Basi kwa nini?" Silwano akauliza. "Mimi si mfalme wako?"

"Ni mfalme wangu. Tena ni mwanangu, unisamehe kwa kusema hivyo mbele za watu. Ulipokuwa na miaka minne ulishikwa na homa, waganga wote wakakata tamaa. Marehemu baba yako alikikalia kiti hikihiki, na majeshi alikuwa nayo, lakini homa haikupokea amri yake. Alilia kama mzazi yeyote. Mimi nikapiga magoti mbele ya Bwana siku saba. Siku ya saba ukaomba uji. Jana nilikuwa mbele zake huyohuyo. Ningewezaje kumwinukia mtoto, nikamwacha aliyenirudishia mtoto?"

"Amri imekwisha kutoka," mfalme akasema kwa shida.

"Najua, baba. Mji ni wako, Mungu amekupa. Nitatoka leo hii, wala sitakunung'unikia. Huko nitakakokuwa nitakuombea."

Akamwinamia kama raia amwinamiavyo mfalme wake, akaenda kufunga furushi lake. Nje ya ukuta wa mji waliishi wafinyanzi, wakampokea, wakampa chumba karibu na kikanisa chao cha udongo. Alilia sana siku zile. Waja wema nao wana machozi, na aliyemlea mtu tangu titi la kwanza hamwachi kwa urahisi.

Zikapita Jumapili tatu. Ya nne, padri wa wafinyanzi alipouinua mkate, mtu mmoja aliingia kwa nyuma, peke yake, bila tarumbeta. Hakuna aliyegeuka. Akajipenyeza kati ya wanaume wenye udongo kwenye kucha, akapiga magoti, paji la uso sakafuni. Eleni alisikia mtu akilia kando yake, lakini hakufumbua macho hadi sala ikaisha. Alipoyafumbua, alimwona Silwano.

"Nimeifuta amri, mama," akasema. "Nimeifuta barazani, mbele yao wote, nikawaambia nilikosa."

Eleni akajaribu kuinuka, magoti yakagoma. Mfalme akampitishia mkono kwapani, akamnyanyua polepole, naye akasimama huku amemwegemea.

Wapendwa, wakuu wa dunia wana haki yao kwetu, na Mama Eleni hakumnyima mfalme kilicho chake. Alimpa heshima, alimpa utii, hata nyumba yake alimwachia. Alimnyima kitu kimoja tu, ambacho hakikuwa mali ya Eleni hata akigawe. Tena hakumnyima kwa chuki. Alimpenda mno hata asiweze kumwacha ajidhanie kuwa mungu. Mara nyingi sisi tunakuwa na udhuru mzuri, tayari mdomoni. Mwenyezi Mungu atujalie kuumeza, tuseme kweli kwa upole, hata mbele ya wale tunaoogopa kuwapoteza.