Uji Wenye Sumu

"Neno la msibani halipimwi sokoni," Bi Pili alimwambia mjukuu wake Shani, aliyekuwa akisambaza kwenye simu kejeli za utani ambazo wifi yake alimtupia bwana harusi arusini. Vijana waliokuwapo wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akasogeza mkeka. Methali hii, akasema, ilizaliwa kwenye sufuria ya uji.

Kalunde alikuwa Mnyamwezi aliyeolewa Uzaramoni, na kila asubuhi aliuza uji wa mtama sokoni. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Basi jirani yake, Mzee Kibwana, alipofariki kwa maradhi ya tumbo, Kalunde alifanya kazi ya mtani, kumkejeli marehemu ili wafiwa wacheke. Alivaa kanzu ya marehemu, akachechemea kama yeye, akaziba mlango jeneza lisitoke mpaka apewe kuku.

"Mlafi huyu!" alifoka. "Sumu nimemtilia mimi mwenyewe kwenye uji! Na mjane naondoka naye, akanitwangie mtama!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Mwasiti, mjane, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekauka kama gogo, alicheka mpaka machozi yakapata njia.

Lakini palikuwa na Mashauri, mchuuzi wa chumvi aliyehamia karibuni, asiyejua utani huo. Aliyachukua maneno akayapeleka sokoni. Kicheko alikiacha msibani. "Kasema kwa kinywa chake!" Na kweli mzee aliuawa na tumbo. Kesho yake uji wa Kalunde ulipoa bila mnywaji. Hata waliocheka naye, kwa kuogopa uvumi, walipita wakitazama pembeni. Msimamizi wa soko, naye mhamiaji, akamwamuru ang'oe mafiga yake aondoke.

"Kana, dada," shoga yake alimsihi. "Sema hukusema."

"Nilisema," akajibu Kalunde. "Nikikana, nitakuwa nimemzika Kibwana bila mtani."

Akasimama mbele ya msimamizi. "Sikanushi hata neno moja, na mafiga sing'oi. Shahidi wangu yuko eda, hatoki nje. Yarudisheni maneno yangu mlikoyaokota, kisha mnihukumu."

Wakaenda wote. Nje ya mlango wa mjane, Mashauri akakohoa, akasema kwa sauti kavu: "Sumu nimemtilia mimi mwenyewe kwenye uji..."

Hajamaliza, sauti ikaruka kutoka ndani. "Muongo mkubwa! Mnyamwezi gani anajua kupika hata sumu? Mume wangu kafa ili aukimbie uji wako!"

Kikafuata kicheko, kisha kwikwi. Halafu Bi Mwasiti akauliza taratibu, "Nani huyo anayesema maneno ya mtani wangu bila kucheka? Na Kalunde yuko wapi? Tangu siku ile hajaja kunitukana. Nyumba imeninyamazia."

Kalunde alikuwa amekaza moyo siku zote hizo. Sasa akaketi kizingitini. "Nipo, mke wangu," akasema. "Nimekuja kukuchukua."

Mashauri akainamisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata msimamizi alikuwa wa kwanza mbele ya mafiga. Akapokea bakuli, akalitazama, watu wakimtazama yeye.

"Mna sumu humu?"

"Tele," akasema Kalunde.

Akanywa mpaka tone la mwisho. Akafuta midomo, akawageukia watu wa soko na kuwaambia: "Neno la msibani halipimwi sokoni."